Muuguzi wa TB afundishwe kuuliza

Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6: dawa za aina 4 kwa miezi 2 ya mwanzo, kisha aina 2 kwa miezi 4. Kinachowashinda wagonjwa wengi si kumeza, bali kuendelea kumeza. Wiki chache tu, homa inakata, hamu ya kula inarudi, na mtu anajiona mzima ilhali vimelea bado vimo mapafuni. Tanzania ilianza mpango wake wa taifa wa TB na ukoma mwaka 1977, na kazi ya daktari Karel Styblo hapa nchini ilichangia mkakati ambao WHO iliueneza duniani miaka ya 1990, mgonjwa akitakiwa kumeza dawa mbele ya msimamizi. Lakini utafiti wa Temeke uliochapishwa 2004 ulionyesha kwamba waliosimamiwa na ndugu, au na watu waliowahi kuugua TB, walipona karibu sawa na waliosimamiwa kituoni. Kama mke au mama anaweza kuwa shahidi wa kidonge, muuguzi tumfunze kazi isiyofanywa na mwingine.

Kazi hiyo ni mazungumzo. Mgonjwa asiyeambiwa siku ya kwanza kwamba mkojo utageuka rangi ya chungwa atadhani ni damu, na dawa ataziacha. Aambiwe pia kwamba ganzi ya miguu inayoletwa na dawa ina tiba, na kwamba macho yakiwa ya manjano, arudi kituoni upesi. Ukimuuliza “Unameza dawa?” atajibu ndiyo, nani asingejibu hivyo? Muulize “Wiki hii siku gani ilikuwa ngumu?” na huenda ukasikia habari za safari, msiba, au kulala njaa.

Wapo watakaosema ulegevu huu wa kuuliza badala ya kukaripia utazaa TB sugu. Hofu hiyo ina msingi, maana dozi zinazorukwa huwapa vimelea nafasi ya kuzoea dawa. Ila anayeogopa kukaripiwa ndiye anayeficha siku alizoruka. Wengine watasema watumishi huhamishwa, hivyo mafunzo hupotea. Yanayopotea kirahisi ni ya semina za hotelini. Mratibu wa TB wa wilaya hufika vituoni kukagua rejesta; akishaifunga, akae amsikilize muuguzi akizungumza na mgonjwa mpya pamoja na ndugu atakayemsimamia, kisha, mgonjwa akishatoka, amwonyeshe swali alilolisahau.