Neno "Deni" Limekwenda Wapi?

Muhula uliopita niliwataka wanafunzi wangu walete darasani matangazo ya mikopo: ujumbe mfupi wa simu, vipeperushi vilivyobandikwa kwenye nguzo za umeme, sauti walizorekodi redio ikiwa wazi ndani ya daladala. Nilikusudia tuchambue vitenzi. Tulipokwisha kuyatandaza mezani, mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: mbona neno "deni" halimo? Tukalitafuta. Halikuwamo. "Kudaiwa" nalo halikuwamo, na hata "kopa" lenyewe lilijitokeza kwa nadra, kama mgeni asiyealikwa. Kulikuwa na "jipatie", "timiza ndoto yako", "vuta mkwanja", "inuka na biashara yako". Na kulikuwa na "Hongera!"

Nianze na hiyo hongera. Kwa Kiswahili humpa hongera aliyejifungua, aliyefaulu mtihani, aliyehamia nyumba yake mwenyewe. Leo simu inalia saa kumi na moja alfajiri: "Hongera! Kiwango chako kimeongezwa." Kilichoongezwa ni kiasi unachoruhusiwa kudaiwa. Anayekupongeza ndiye atakayekudai. Katika lugha yetu hapakuwa na pongezi ya namna hiyo mpaka wafanyabiashara wa fedha walipoibuni, nasi tukaipokea bila kuhoji.

Tazama pia majina. Nivushe, Songesha, na kwa jirani zetu Kenya, Fuliza. Ni Kiswahili safi, na mtaalamu wa lugha hana budi kukiri kwamba aliyeyachagua anaijua kazi yake. "Nivushe" ni kilio cha mtu aliyesimama ukingoni mwa mto. Mkopeshaji anakuwa mwenye mtumbwi, na nauli haitajwi mpaka ufike ng'ambo. "Kufuliza" ni kutenda jambo mfululizo bila kukoma. Sijui kama waliolichagua walikusudia ukweli huo, lakini kwa mara moja tangazo limesema kweli.

Haya ni maneno, atasema mchumi, tuzungumze tarakimu. Basi tuzungumze tarakimu, maana huko ndiko uongo unakovaa suti.

Kipeperushi kinasema: "Riba nafuu, asilimia 3.5 tu kwa mwezi." Tuseme mwalimu wa shule ya msingi amechukua shilingi 1,000,000 kwa miezi 12. Kama riba hiyo inatozwa juu ya salio linalopungua kila anaporejesha, atalipa takriban shilingi 103,500 kwa mwezi, na riba yote itakaribia shilingi 242,000. Kama inatozwa juu ya kiasi cha awali mwanzo hadi mwisho, atalipa takriban 118,300 kwa mwezi, na riba itakuwa shilingi 420,000. Asilimia ni ileile. Neno ni lilelile, "3.5". Tofauti ni karibu shilingi 178,000, na haikuandikwa popote kwenye kipeperushi. Mwezi wa 11 mwalimu huyu amekwisha kurejesha sehemu kubwa ya mkopo, lakini bado anatozwa kana kwamba milioni nzima imo mfukoni mwake. Ukiipima riba hiyo kwa salio halisi alilobaki nalo, inakaribia asilimia 5.9 kwa mwezi, yaani zaidi ya 70 kwa mwaka. Na hapo bado hatujagusa ada ya fomu, ada ya usimamizi, wala bima ya mkopo, ambazo aghalabu hukatwa kabla fedha hazijamfikia. Kama makato hayo yamefika 50,000, mwalimu amepokea 950,000 na analipia riba fedha ambazo hakuzishika.

Neno "nafuu" nalo linastahili kuulizwa: nafuu kuliko nini? Kwetu mgonjwa hupata nafuu. Kivumishi kisicho na kipimo ni mapambo, na pambo lililowekwa juu ya bei ni udanganyifu.

Ujanja mwingine ni kubadili jina la riba. M-Shwari ilipoanza Kenya mwishoni mwa mwaka 2012, mkopo wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5, nayo ikaitwa ada. Zidisha kwa 12 upate 90. Mwaka 2016 nchi hiyo ilipoweka ukomo wa riba za benki, tozo hiyo ilibaki nje ya ukomo kwa hoja kwamba ada si riba. Sheria nzima ilipitwa pembeni na nomino moja. Wanaodhani kazi ya mwanaisimu ni kusahihisha ngeli watafakari hilo.

Lakini uongo unaoniudhi kuliko yote ni "bila dhamana". Programu nyingi za mikopo ya simu zimejitangaza kwa maneno hayo huku zikimtaka mkopaji aziruhusu zisome orodha ya majina yaliyomo kwenye simu yake. Akichelewa siku mbili, mama mkwe, mchungaji na mkuu wa idara wanapokea ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Dhamana ilikuwapo tangu mwanzo: ilikuwa heshima yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua hiyo ilikuwa njema. Ila hao ni wasio na leseni, na lugha ninayoilalamikia inazungumzwa pia na wenye leseni, tena kwa sauti tamu zaidi.

Haya si mageni kwetu. Waliokuwa watu wazima kati ya 2007 na 2009 wanaikumbuka DECI. Watu hawakuambiwa wawekeze fedha. Waliambiwa wapande mbegu, kisha wangoje mavuno. Nani atamtaka mkulima hati ya usajili? Sitiari ya shamba na madhabahu ilizima maswali ambayo neno "uwekezaji" lingeyaamsha.

Wapo watakaosema kosa ni la mwananchi: asome mkataba, apewe elimu ya fedha. Ninawajua, maana tunaketi nao kwenye warsha. Nawajibu kwa swali moja: mkataba wenyewe umeandikwa kwa lugha gani? Tangazo ni la Kiswahili cha kubembeleza, mkataba mara nyingi ni wa Kiingereza cha mawakili, kurasa kadhaa za herufi ndogo. Mwaka 2021 tulirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, lakini mkopaji bado anasaini asichokielewa. Hata huko redioni, sentensi pekee yenye ukweli, "vigezo na masharti kuzingatiwa", husomwa kwa kasi ya mtu anayekimbizwa. Huwezi kumfundisha mtu kusoma kile ambacho mwingine ameajiriwa kukificha.

Wananchi, kwa hakika, wamekwisha kujielimisha. Mikopo hii wameiita "kausha damu". Hakuna kamati ya istilahi iliyokaa, na hakuna jina lililo sahihi zaidi.

Ninachodai ni kidogo. Kila kituo cha mafuta nchini kinawajibika kuonesha bei kwenye bango, na EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi. Marekani, ambayo hatuwezi kuituhumu kwa uadui dhidi ya mabenki, iliwalazimisha wakopeshaji kutaja gharama ya mkopo kwa kipimo kimoja tangu 1968. Sisi tunazo Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019. Benki Kuu iagize kwamba hakuna tangazo la mkopo litakalotoka bila sentensi moja ya Kiswahili, kwa herufi zilezile na kwa kasi ileile ya tangazo zima: "Utapokea shilingi kadhaa, utarejesha shilingi kadhaa, ifikapo tarehe fulani, hili ni deni." Ninyi mlio katika utumishi wa umma, ambao hati zenu za mshahara ndizo zinazowindwa, mna nafasi ya kuidai kupitia vyama vyenu vya wafanyakazi kabla ya mtu yeyote. Na wanafunzi, endeleeni kuniletea vipeperushi. Boksi limejaa, nitatafuta jingine.