Kiswahili Juu ya Barafu

Yako maneno ambayo mtu akiyanena mbele ya wanachuoni hupigiwa makofi, kumbe ni maneno ya uvivu. Mojawapo ni hili, kwamba Kiswahili, kwa kuwa kilizaliwa katika pwani ya joto, hakina uwezo wa kusimulia mambo ya nchi za baridi. Nimelisikia mara nyingi, na aghalabu husemwa kwa upole, kana kwamba lugha yetu ni mgonjwa anayetazamwa kitandani. Huruma ya namna hii siitaki.

Miaka michache iliyopita niliombwa kuipitia tafsiri ya kijikaratasi cha tahadhari kilichokusudiwa watu wa Kongo waliohamia Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Jimbo hilo lina maziwa zaidi ya 10,000, na majira ya baridi yakishika nguvu uso wa maziwa hayo huwa mgumu kama sakafu. Wenyeji hutembea juu yake, hutoboa tundu, huketi kando ya tundu lile na kuvua. Katika tafsiri ile, kila palipotajwa chombo au hatari, neno la Kiingereza liliachwa kama lilivyo. Mfasiri, mtu mwenye shahada, alijitetea kwamba vitu hivyo havina majina kwetu. Basi mfikirie mvuvi aliyekulia Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, ambaye mikono yake haiwezi kukaa bila mshipi. Amepewa karatasi ya kumwokoa asizame, na mahali penye uhai wake ndipo pasiposomeka.

Hebu tuvitazame vitu hivyo visivyo na majina. Mvuvi wa barafuni ana mshipi, ndoana, chambo na chubwi, na haya yote mtoto wa pwani huyajua kabla ya kujua kuandika. Ana chombo cha kutobolea, na fundi wa mashua hutoboa mbao kwa keekee. Nitaambiwa kwamba keekee ni ndogo na ile ya barafuni ni kubwa. Ndege naye alikuwa mdogo kabla hajabeba abiria. Ana upawa wenye matundu wa kuopolea vipande vya barafu tunduni. Upawa u jikoni. Ana mtaimbo wa kugongea barafu mbele yake kabla ya kukanyaga, kwa sababu ile ile iliyomfanya nahodha wa jahazi kutumbukiza bildi alipoukaribia mwamba. Na barafu yenyewe? Neno hili tulilipata kwa Waajemi, na theluji kwa Waarabu, zamani sana, na leo mvuvi wa pwani hujaza barafu katika mashua ili samaki wasioze. Mfasiri wetu alitaka kumfundisha mvuvi huyu kwamba barafu ni jambo geni!

Na nisidhaniwe kwamba nahesabu majina matupu. Mambo yenyewe yanasemeka. Maji huwa mazito kuliko yote katika nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa zaidi huwa mepesi na kubaki juu, ndiyo maana ziwa huganda kuanzia usoni, na samaki huishi chini ya paa lile. Barafu mpya iliyo angavu, yenye unene wa inchi 4, ndiyo inayoshauriwa kwa mtu anayekwenda kwa miguu. Ile nyeupe iliyochanganyika na theluji nguvu zake ni kama nusu, basi itakiwe unene maradufu. Barafu ikikuvunjikia, geukia ulikotoka, maana huko ndiko ilikokuchukua. Piga miguu kama aogeleaye, kwea kwa tumbo, kisha bingirika wala usisimame. Ni Kiswahili gani kilichoshindwa hapo?

Ama mashua ndogo za huko, hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Kabla ya baridi kuja, mwenye mashua huyatoa maji yote katika mtambo na mabomba yake, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa kadiri ya sehemu 9 katika 100, na chuma hupasuka. Kisha huifudikiza mashua pwani. Kwetu adui ni mwingine. Mashua ya mbao ikiachwa juani hukauka, mbao husinyaa, na maungio hufunuka. Ndipo fundi huichukua patasi na pamba iliyotiwa mafuta, akakalafati ufa baada ya ufa, akapaka sifa juu na deheni chini. Huko mwenye mashua huogopa maji yaliyobaki ndani ya chuma, huku huogopa ukavu ulioingia ndani ya mti. Na anayeijua hofu moja hahitaji siku nyingi kuifahamu ya pili, akiambiwa kwa lugha yake.

Lakini nani atamwambia? Kalafati na deheni vimo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Wanafunzi wangu hulijua neno kalafati kwa asili yake ya Kiarabu; hulichambua vizuri na kupata alama. Hakuna aliyewahi kushika pamba ile, na mimi mwalimu wao, pamoja na udaktari wangu, sikuwa mbora kuliko wao mpaka siku fundi mmoja aliponiuliza, kwa adabu kubwa, kama nataka kusaidia au kutazama tu. Tumeifanya lugha kuwa mali ya meza. Jambo likitoka mezani likaenda majini, twasema lugha ni maskini. Ufukara ni wetu, nasi tumeusajili kwa jina la mwingine. Naona haya kwamba idara zinazotunga istilahi kwa vitabu vya sayansi hazitumi mtu mmoja kukaa mwezi mzima pwani, chombo kinapopandishwa wakati wa bamvua, aandike kila neno litakalotoka katika vinywa vya mafundi.

Nilikirudisha kijikaratasi kile pamoja na masahihisho yangu, kila chombo kwa jina lake. Baada ya siku tatu mfasiri aliniandikia barua ya shukrani, na mwishoni aliuliza swali moja: mtaimbo ni kitu gani?