MAONGEZI YA NYUMBANI: Fedha Mkononi mwa Kijana



Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya jambo lionekanalo dogo, nalo limekwisha kutia uchungu katika nyumba nyingi: je, yafaa kijana apewe fedha yake mwenyewe? Na kama yafaa, apewe kiasi gani?

Mama mmoja wa hapa Chake Chake alinijia baada ya ibada, akasema, “Mwalimu, mwanangu ana miaka 15. Ataka nimpe fedha kila Jumamosi, kama wapewavyo wenzake. Nikimpa, nachelea ataharibika. Nisipompa, nachelea ataiba. Nifanyeje?”

Nikamwuliza, “Je, hajapata kushika fedha ya jasho lake?” Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, “Msimu uliopita alichuma karafuu siku 12 katika shamba la jirani. Baba yake akazichukua fedha zote, akanunua mabati. Mabati yalihitajiwa, maana nyumba ilivuja. Lakini mtoto hakuambiwa neno. Tangu siku ile hachoti hata ndoo ya maji asipouliza kwanza atalipwa nini.”

Basi, wasomaji, hapo nikaona ya kuwa ugonjwa wa kijana yule si kupenda fedha. Ugonjwa wake ni kwamba alifanya kazi ya mtu mzima, akatendewa kama asiye na neno. Watoto wa Pemba huijua kazi mapema. Huchuma mchana, na jioni hukaa kuchambua karafuu na kuzitenga na makonyo. Nao waona kwa macho yao jinsi mchumaji anavyolipwa kwa kipimo. Hata mdogo aokotaye zilizoanguka chini ya miti ajua ya kuwa zina thamani. Mtu ajuaye hivyo hawezi kuambiwa kwamba fedha haimhusu.

Tena kisiwa hiki kina sababu ya kulifikiri jambo hili. Kabla ya Aprili 1897, Seyyid Hamoud bin Muhammed alipotoa amri yake juu ya utumwa, wengi walichuma karafuu katika mashamba haya pasipo ujira. Mwaka uleule Marafiki, ndio Wakweka, walikuja Pemba pamoja na Theodore Burtt, wakaanza kazi yao katika shamba la Banani, na watu waliowekwa huru walifanya kazi huko kwa ujira. Mti ulikuwa uleule na karafuu zilezile; lililobadilika ni kwamba mchumaji alikuwa na haki katika jasho lake. Mtume Paulo naye awaandikia Wagalatia kwamba mrithi, angali mtoto, hana tofauti na mtumwa, mpaka baba aone wakati umetimia. Wakati huo hauji kwa siku moja. Imetupasa kuwazoeza vijana kidogo kidogo, na samaki hukunjwa angali mbichi.

Nilimpa mama yule mashauri manne, nami nawapa ninyi pia.

La kwanza: kazi za nyumbani si kibarua. Kuchota maji, kufagia na kumwangalia mdogo ni wajibu wa kila alaye chungu kimoja. Msizilipe, wala msimnyime mtoto posho kwa sababu ya hasira. Posho si mshahara, wala si fimbo.

La pili: kiasi kipimwe kwa mwezi wa dhiki, si kwa msimu wa karafuu. Heri shilingi 500 zitolewazo kila Jumamosi kuliko 5,000 za leo na ahadi za kesho. Tufanye mfano wa nyumba iwezayo kutoa 3,000 kwa juma: 300 ziwe sadaka, 700 akiba, na 2,000 zake mwenyewe. Madaftari na sare ni juu yenu wazazi. Bajia, ubuyu na vocha ya simu ni juu yake. Akimaliza zote Jumapili, na angoje Jumamosi. Ni heri apoteze 2,000 akiwa na miaka 15 kuliko apoteze shamba akiwa na miaka 30.

Na nyumba isiyo na kitu? Iseme kweli. Mketishe kijana, mwonyeshe yaliyoingia na yaliyotoka. Kutokuwa na fedha si aibu. Kufichana ndiko kunakowatenga watu wa nyumba moja.

La tatu: fedha aliyoichuma kwa mikono yake iwe na agano kabla hajakwenda shambani. Semeni wazi, “Nusu ni ya nyumba, nusu ni yako,” au vyovyote mpatanavyo. Msinene neno hili baada ya fedha kuonekana.

La nne: msiwasahau mabinti. Msichana ana haja ambazo huona haya kuzitaja mbele ya baba yake. Asiye na shilingi yake huweza kunaswa na zawadi ya mtu asiyemtakia mema. Apewe sawa na kaka yake.

Mama alirudi nyumbani, akasema na mumewe. Haikuwa rahisi, kwa maana baba kumkiri mwanawe kosa ni jambo zito kwetu. Lakini alimwita, akasema, “Mwanangu, mabati haya ni jasho lako, nami sikukushukuru.” Wakapatana posho ya kila juma.

Msidhani kijana aligeuka malaika. Posho ya kwanza aliimaliza siku ileile kwa vocha ya simu. Jumatatu akaomba nyingine. Baba akakataa kwa upole. Mama alitaka kumpa kwa siri, nikamsihi asifanye hivyo, maana angevunja kwa mkono mmoja alichojenga mumewe. Hata leo kijana angali akijifunza. Lakini ndoo ya maji, asema mama, sasa hujazwa pasipo kuulizwa bei.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutaongea habari ya madeni ya dukani. Wasalaam.