Posho ya Dereva Nayo ni Riziki ya Mtoto

Dada zetu wa visiwani, na nyote mnaotusoma kutoka bara, leo tunawaandikia kutoka Bukoba, mkoani Kagera, na mada yetu ni ya fedha: ile posho ya safari anayopewa dereva wa lori, na matunzo ya mtoto anayodaiwa dereva huyohuyo. Msiseme hayo ni ya huko kwenu bara. Nanyi mna mabaharia, mna wavuvi wanaokwenda dago, mna vijana wanaotembeza wageni. Wote hao mshahara wa kwenye karatasi, kama upo, ni kitu kimoja, na kinachoingia mfukoni ni kitu kingine.

Huku kwetu ni njia ya malori. Yako yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Uganda, yanapita Biharamulo, Muleba, Bukoba na Kyaka hadi mpaka wa Mutukula. Ya Rwanda yanachepuka kwenda Rusumo, wilayani Ngara. Ongeza yanayobeba kahawa, sukari ya Missenyi, ndizi na samaki. Madereva wa njia hii wana nyumba huku, na wengi wana watoto ambao hawakai nao.

Sisi ni mafundi cherehani wenye biashara yetu, si wanasheria. Elimu yetu ni sekondari na kozi ya ushonaji basi. Lakini anayeshona sare za shule anajua nani anatunza na nani hatunzi. Mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, alhamdulillah, ila sare, viatu na madaftari havikufutwa. Mwezi wa kwanza mama anakuja na watoto wawili, anaomba tushone sketi ya mmoja kwanza, ya pili baba yake akirudi safari. Tunaacha pindo pana ili nguo imfikishe mtoto mwaka wa pili. Baba akirudi, wakati mwingine gari limepita usiku na yeye hakusimama.

Mteja wetu mmoja wa Muleba ndiye aliyetufanya tuandike. Aliachana na mumewe, dereva wa masafa marefu, akaachiwa watoto wawili. Walipoitwa kuzungumzia matunzo, baba alileta karatasi ya mshahara: laki tatu. Akasema ana watoto wengine watatu, uwezo wake ni elfu thelathini kwa mwezi. Mama akauliza, "Na posho je?" Akajibiwa kwamba posho si mshahara, ni pesa ya njiani. Maneno yakaishia hapo, ikaandikwa elfu thelathini.

Sasa tuseme kweli: huyu baba hakudanganya kabisa. Tumewauliza madereva, wengine ni kaka zetu na shemeji zetu, na wametueleza. Kwanza kuna pesa ya gari, yaani mafuta, ushuru wa barabara na mambo ya mpakani. Hiyo ni ya tajiri, na mama anayeihesabu kuwa ni utajiri wa baba anakosea. Halafu kuna posho yake mwenyewe, ya kula, kuoga, kulala, kumlipa mlinzi pale anapoegesha, na kumwachia tandiboi chochote. Sehemu nyingi hupewa kwa mkupuo, kwa tripu, siku ya kuondoka. Foleni ikiwa ndefu mpakani, siku zinaongezeka lakini posho haiongezeki. Gari likilala gereji hakuna tripu, na bila tripu hakuna posho.

Tuchukue mfano wa kutunga ili tuelewane. Posho ya tripu laki tano, safari ya siku 14. Chakula elfu kumi na mbili kwa siku ni 168,000. Maegesho, bafu na mlinzi 60,000. Pancha na vitu vidogo 70,000. Imekwenda 298,000, amebaki na 202,000. Akikwama siku nane mpakani, chakula peke yake kinameza 96,000 nyingine, anabaki na 106,000. Kwa hiyo posho si laki tano kama mama anavyodhani, wala si sifuri kama baba anavyosema. Ile laki mbili inatokana na yeye kulala kwenye kichwa cha gari badala ya gesti na kupika ugali kando ya tairi, na ndiyo hiyo imejenga nyumba za madereva tunazoziona kuanzia Kemondo hadi Kyaka. Haijajengwa na karatasi ya laki tatu.

Na kwa nini karatasi iwe ndogo na posho iwe kubwa? Hapa lawama si ya dereva. Katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mshahara wa msingi hauhesabu posho. Malipo ya mtu anapoachishwa kazi hupigwa kwa mshahara wa msingi, kwa hiyo tajiri anayeweka pesa nyingi kwenye posho anapunguza anachodaiwa baadaye. Madereva wanalijua hilo. Walipogoma Aprili na Mei 2015, mabasi na malori yakasimama nchini, moja ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira inayoeleweka. Akiumia barabarani, yeye naye atalilia posho ihesabiwe. Basi ukubwa wa riziki yake usiwe mkubwa mbele ya tajiri na mdogo mbele ya mwanawe.

Sheria ya mtoto haikusema mshahara wa msingi. Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania Bara (Zanzibar mna yenu ya 2011), kifungu cha 44, inaitaka mahakama itazame kipato na mali ya wazazi wote wawili, iangalie kama uwezo wa mzazi kuchuma umepungua, iangalie watoto wengine anaowatunza, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Kipato na mali ni maneno mapana. Ndani yake inaingia posho iliyobaki, unaingia uwanja alionunua, inaingia na bodaboda aliyompa mtu amwendeshee. Kabla ya sheria hiyo, mama wa mtoto wa nje ya ndoa alikuwa na sheria ya kikoloni iliyoweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Hiyo shilingi 100 ilikaa kwenye kitabu huku bei ya sukari ikipanda miaka yote. Ndiyo sababu tunaogopa tarakimu moja iliyoandikwa na kuachwa.

Marekani nako wanabishana hayohayo, maana malori yao yanatembea wiki nzima na posho ya siku wanayo. Katika majimbo kadhaa wanauliza swali moja: je, malipo haya yanapunguza gharama ambazo mtu angezitoa mfukoni mwake nyumbani? Kama ndiyo, kiasi hicho kinaweza kuhesabiwa kuwa kipato chake. Tunaona ni swali zuri, linafaa hata Muleba.

Kwenye dini jambo hili ni kongwe. Suratul Talaq, aya ya 7, inapima matumizi kwa wasaa wa mtu: mwenye nafasi kwa nafasi yake, na aliyebanwa kwa kile Allah alichompa. Haikupima kwa jina la malipo. Na mnakumbuka kisa cha Hind binti Utba, aliyekwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kumshtakia mumewe Abu Sufyan kwamba ni mgumu wa mkono, hampi kinachomtosha yeye na mwanawe. Akaruhusiwa kuchukua katika mali ya mume kiasi cha kuwatosha kwa wema. Kipimo kikawa ni haja ya mtoto na mali iliyopo, pamoja na lile neno "kwa wema" ambalo linamfunga mama pia asikombe. Jirani zetu Wakristo, na ndio wengi Kagera, wana fundisho lao la mtu asiyewatunza wa nyumbani kwake, na wanalisema kwa ukali kuliko sisi.

Tunachopendekeza sisi ni amri au makubaliano ya matunzo yenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kiasi cha kila mwezi, gari likitembea au likilala, kinachotoka kwenye mshahara. Sheria ya Ajira inaruhusu mwajiri kukata kwa amri ya mahakama, kwa hiyo hicho hakihitaji kumfukuza mtu barabarani. Sehemu ya pili ni kiasi kidogo kwa kila tripu, kinachotumwa kwa simu siku ileile posho inapopokelewa, kabla gari halijawashwa. Siku hiyo pesa ni nzima. Akifika Nyakanazi imeshapungua, akifika Mutukula ana maelezo. Ujumbe wa simu unabaki kuwa ushahidi wa wote wawili, na baba asije akaambiwa hakutuma wakati alituma (hilo nalo lipo, tusifichane).

Kwa yule mama wa Muleba hesabu ingekuwa hivi: elfu hamsini kila mwezi, na elfu thelathini kwa tripu. Mwezi wa tripu mbili watoto wanapata laki moja na elfu kumi. Mwezi wa gereji wanapata hamsini, na hakuna wa kumwita baba mwizi. Sasa hivi wanapata thelathini mwezi wowote ule.

Kuna watakaosema tunamnyima mke wa sasa na watoto wake. Hapana, wale watatu wamo kwenye hesabu, sheria yenyewe imewataja. Na mama naye apeleke kipato chake, hata kama ni genge la nyanya, maana kifungu kinasema wazazi wote wawili. Mteja wetu anauza dagaa, na tumemwambia aandike.

Amerudi ustawi wa jamii mwezi uliopita kuomba kiasi kiangaliwe upya. Safari hii amebeba daftari: tarehe ambazo lori lilipita, bei ya viatu, bei ya madaftari, na risiti zetu za sare. Ameambiwa baba ataitwa. Yuko njiani kwenda Kampala.