Wananchi Waonyeshwe Mchoro

Tangu mwaka 2021, kampuni ya World Mobile ilipotangaza mpango wa kuieneza intaneti Zanzibar kwa kushirikiana na wajenzi wa mtandao wa Cardano, sarafu za kidijitali zimekuwa zikizungumzwa barazani kana kwamba ni mambo ya mawinguni. Sivyo hata kidogo. Mvuvi wa Kizimkazi alijuaye jarife lake atalifahamu jambo hili, mradi achorewe.

Katika mchoro huo mna vifundo vya aina tatu. Cha kwanza ni kifundo cha hewani: mtambo unaowekwa kijijini, pengine juu ya duka, urushao mawimbi hadi kwenye simu. Mpango unataka kimilikiwe na wenyeji. Cha pili ni kifundo cha ardhini: kompyuta, ambayo yaweza kuwa nchi yoyote, ithibitishayo nani ametumia nini na nani alipwe. Hesabu huandikwa katika daftari lenye nakala mahali pengi, asipatikane karani mmoja wa kulifuta. Mwenye kifundo hicho huweka dhamana ya sarafu 100,000 za mtandao. Cha tatu ni lango la kuunganisha mtandao na kampuni nyengine za simu, na hapo ndipo sheria za nchi zinapoingia.

Lakini wavu hauzami bila ya chubwi. Chini ya vifundo vyote mna umeme na nyaya za baharini. Unguja haijasahau Desemba 2009 hadi Machi 2010, ilipokaa takriban miezi mitatu bila ya umeme wa kutoka Bara. Mei 2024 nyaya za intaneti zilikatika baharini, na Tanzania nzima ikaona taabu. Daftari lisilofutika halimfai mtu asiyeweza kulifungua.

Ipo pia hoja ya fedha. Mwaka 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko haya. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi si kufanywa fedha halali. Wananchi wasichanganye mambo mawili hayo. Ikiwa mwenye duka atalipwa kwa sarafu ipandayo na kushuka katika masoko ya ng'ambo, na umeme anaulipia kwa shilingi, hasara itakuwa ya nani?

Kwa hiyo tunasema: kabla ya mlingoti wowote kusimamishwa, viongozi wa shehia wahakikishe mchoro mzima umewekwa mbele ya wananchi, ukionyesha mwenye mtambo, mlipaji wa umeme, fedha ya malipo, na wa kushitakiwa mambo yakiharibika. Maendeleo tunayataka, tena kwa haraka. Lakini mkataba ni amana, na amana haitiwi saini gizani.