Msiuze Pijo ya Mzee kwa Kilo

Ukizunguka Gusii, kuanzia Suneka hadi Kebirigo, hukosi kukuta boma lenye Peugeot iliyolala. Iko nyuma ya jikoni au kando ya migomba, magurudumu yamezama kwenye udongo mwekundu, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Namba yake ina herufi tatu mbele na haina herufi nyuma, kwa hivyo unajua ilikuwa barabarani kabla wengi wetu hatujazaliwa. Halafu siku moja anakuja mnunuzi wa skrapu na mizani yake. Anatoa noti chache, na kufikia jioni pijo ya mzee imekatwa vipande kama ng'ombe wa harusi.

Hiyo ni hasara, na ni hasara ya kujitakia.

Najua jibu mlilonalo. Kufufua magari makuukuu ya Ulaya ni mambo ya wenye pesa za kuchezea. Ni mambo ya Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi, Ngong Road, mashindano ambayo Nairobi imekuwa nayo tangu 1970, ambapo waamuzi wanachungulia mpaka chini ya gari kutafuta tope. Ni mambo ya Safari Classic iliyoanza 2003, ambapo Porsche 911 nyingi huletwa kwa meli, zikapasua vumbi letu siku kadhaa, kisha zikarudi kwao. Sisi wa Keroka na Nyamira tunahusika wapi hapo?

Tunahusika sana, na historia iko wazi. Safari Rally ilipoanza 1953, magari yalipangwa kwa makundi kulingana na bei yake dukani. Gari la mashindano lilikuwa lile lile ambalo mwalimu mkuu au mfanyabiashara wa chai angeweza kununua. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Lililoshinda lilikuwa Peugeot 404, na 404 ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Wazee wetu hawakuipenda pijo kwa sababu ya tangazo la gazeti. Waliona tope likimeza magari mengine na hiyo ikapita. Ndiyo maana ikawa matatu ya masafa marefu, ambulensi na gari la mwili wa marehemu kutoka Nairobi.

Na kama unataka anasa, basi sikiliza. 404 ilichorwa na Pininfarina wa Italia, wale wale waliochora Ferrari ambazo umeziweka kama picha ya simu yako. Injini yake imelazwa upande kwa nyuzi 45. Gia yake iko kwenye usukani. Mdogo wake, 504, alitajwa kuwa gari bora la mwaka Ulaya 1969, na Wakenya wakaja kuiunganisha hapa hapa nchini. Kwa hivyo msee anayelala akiota gari la Italia huenda ana mchoro wa Italia nyuma ya jikoni ya nyanya yake, na kuku juu.

Mtasema pia kwamba ufundi wa kufufua magari hayo uko Ulaya. Joginder Singh alizaliwa Kericho, jirani zetu wa chai. Alikuwa fundi makanika kabla hajawa dereva maarufu. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika na timu ya kiwanda. Gari la mkono wa pili, mikononi mwa fundi wa huku kwetu, likawapita wote. Fundi kama huyo bado yuko jua kali ya Kisii. Anapanga kabureta kwa sikio. Akikosa bushi anachonga. Bodi iliyooza kwa mvua yetu isiyoisha anaikata na kuchomelea bati jipya usione kiraka. Lakini amezeeka, na wanagenzi wake wanajua Probox tu. Gari likikatwa leo, ufundi wake unakosa mahali pa kufundishiwa kesho.

Na gari hilo halirudi. Kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka 8. Hutaagiza 404 kutoka Ufaransa vile unavyoagiza Probox kutoka Japani. Zilizopo ni hizi hizi. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi michache kwa sababu milingoti ya umeme ilikuwa inaangushwa. Sawa, umeme ni muhimu. Lakini katika kelele zote zile, nani alisikika akiuliza ni magari mangapi ya wazee yamepitia mizani ile ile?

Kuna hoja moja ambayo siipuuzi: karo. Shule ikifunguliwa na mtoto amefukuzwa, huwezi kumlisha historia. Basi uza, lakini uza gari, usiuze kilo. Milango, vioo, taa, bampa za kung'aa na radieta, kila kimoja kina mtu anayekitafuta ili gari lake liendelee kuishi. Mwenye mizani anahesabu vyote hivyo kama chuma tu. Anayeuza kwa kilo si maskini mwerevu, ni maskini aliyepunjwa. Na gari likifufuka, kwenye harusi za Desemba huku kwetu pijo iliyopigwa rangi vizuri na kufungwa riboni itaipita kwa mbali ile Noah ya kukodi.

Ugomvi mkubwa zaidi uko nyumbani. Omogaka akifariki, ndugu wanagawana shamba mpaka futi ya mwisho, na gari linabaki kwenye mpaka likiitwa takataka. Lakini gari ni mirathi kama shamba. Liandikeni kwenye orodha ya mali mnayopeleka mahakamani, kwa sababu bila hati hiyo logibuku itabaki kwa jina la marehemu, na hakuna mnunuzi wa maana atakayekaribia. Mkisubiri kesi iishe, inueni gari juu ya mawe, mwage petroli iliyooza, liezekeni mabati mawili. Hiyo ni kazi ya Jumamosi moja.

Kisii National Polytechnic nayo ichukue hata 504 moja, wanafunzi wailaze chini na kuisimamisha tena, huku fundi mzee wa jua kali akilipwa kama mwalimu. Kaunti zetu mbili zinaweza kugharamia hilo bila kuomba mfadhili.

Tunajua vizuri kitatokea nini tusipojipanga. Tabaka inachonga mawe yanayosafiri dunia nzima, na jina la mchongaji halisafiri nayo. Kwenye magari itakuwa vivyo hivyo. Mtu wa mbali atanunua pijo kwa bei ya mizani, ataleta fundi wetu aifanye kazi miezi, kisha yeye ndiye atakayepigwa picha na kikombe. Mimi sina shida na kikombe. Ninachotaka ni gari libaki kwa wenyewe, na siku litakaposhinda, jina la kwanza kusomwa kwenye spika liwe la fundi.