Shehena Iliyopelekwa, Msomaji Asiyeipata

Mwaka 1872, tangu Machi hadi Agosti, David Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akiwangoja wapagazi ambao Stanley alikuwa amewatuma kutoka pwani. Hao walifika. Mwaka uliotangulia, huko Ujiji, alikuta bidhaa zake zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa, ingawa kwa hesabu ya mtumaji zilikuwa zimepelekwa.

Nayakumbuka hayo kila nisikiapo kwamba wanafunzi wa elimu masafa wanahudumiwa vyema kwa kuwa majarida yote yamo mtandaoni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Tabora. Na tangu 2002 mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani umezifungulia taasisi za nchi zetu majarida ya tiba, bure au kwa ada ndogo. Shehena, basi, imepelekwa. Lakini muuguzi wa kituo cha afya huko Sikonge, asomaye usiku baada ya zamu kwa bando la siku moja, nywila ikimkataa amwulize nani?

Wala si suala la mitihani tu. Mwaka 2010 utafiti uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba sindano ya artesuneti huokoa watoto wengi zaidi wenye malaria kali kuliko kwinini. Kitabu kilichochapwa kabla ya hapo, kama ndicho pekee kilichomo kabatini, bado kitamwelekeza kwenye kwinini. Ujuzi ule ulipatikana pia kwa watoto wa nchi hii; mama aliyempakata mwanawe kwenye benchi ana haki nao.

Kwa maoni yangu, kila chuo chenye wanafunzi wa mbali kiwe na mkutubi wa hao tu: apokee simu hata usiku, apakue sura inayotakiwa na kuituma ikiwa nyepesi, apatane na Maktaba ya Mkoa wa Tabora ili vitabu viazimwe na kurejeshwa hapo. Fedha? Majarida yasiyosomwa nayo yana gharama. Ripoti yake ya kila mwezi ionyeshe waliopata, wilaya kwa wilaya: Sikonge, Urambo, Kaliua, Uyui, na palipo na sifuri, aulizwe sababu.